Nimeweka Akiba kwa Miaka 28, Sasa Wakili Anauliza Ilitoka Wapi

Ndugu Mshauri,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 54, na kwa mara ya kwanza maishani nimepata nyumba ninayoweza kuinunua kwa fedha zangu mwenyewe, bila mkopo. Muuzaji amekubali bei, mkaguzi wa jengo ameridhika, nami nilidhani kilichobaki ni kutia saini. Badala yake, wakili wangu ameniandikia barua ya kurasa mbili akinitaka nieleze na kuthibitisha chanzo cha fedha zote nitakazolipia. Nilimjibu siku ile ile kwamba ni akiba yangu, nikaambatanisha taarifa ya akaunti ya miezi sita. Akanijibu kwa adabu kwamba taarifa ile inaonyesha fedha zilipo lakini haionyeshi zilikotoka, na kwamba hawezi kuendelea mpaka apate maelezo yanayojitosheleza.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nilianza kazi mwaka 1996. Miaka mitano ya kwanza mshahara ulilipwa taslimu ndani ya bahasha, na kila mwezi nilipeleka benki takriban sehemu moja ya sita, ikaandikwa kwa mkono katika kitabu cha akiba. Benki ile iliunganishwa na nyingine mwaka 2008, na kitabu changu kilichukuliwa na karani siku nilipopewa akaunti mpya. Mwaka 2009 mama yangu alifariki, nyumba yake ikauzwa na fedha zikagawanywa kwa watoto wake watatu. Mwaka 2012 chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi kazini kwetu kilivunjwa, tukalipwa hisa zetu. Mwaka uliofuata nilikusanya kila kitu katika akaunti moja ya amana, na tangu hapo nimekuwa nikiongeza tu, sijatoa hata mara moja.

Liko jambo jingine ambalo sijamwambia wakili. Kwa miaka kama minne, kabla ya mwaka 2013, nilihudumia wagonjwa wazee majumbani mwao siku zangu za mapumziko, nikalipwa taslimu, na fedha hizo niliziweka benki kwa mikupuo mitatu. Si nyingi, pengine sehemu moja ya kumi na tano ya jumla, lakini ndizo zinazonitia hofu kwa sababu sina karatasi hata moja inayozihusu.

Tovuti ya benki yangu inaonyesha miamala ya miaka saba tu. Mpwa wangu, ambaye najua ananitakia mema, ananishauri nihamishie fedha kwa kaka yangu, kisha kaka azirudishe kama zawadi pamoja na barua. Anasema wakili akiiona barua ya zawadi hataendelea kuuliza.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuhesabu. Nilivaa viatu vilivyotiwa viraka, nikaacha safari ambazo wenzangu walikwenda, ili siku moja niwe na mlango wangu. Leo naona kama ninaadhibiwa kwa kutotumia. Nimekosa nini? Nifuate ushauri wa mpwa wangu? Na je, muuzaji anapaswa kuambiwa?

Wako,
Muuguzi Mwenye Wasiwasi

---

Ndugu yangu Muuguzi,

Nianze na lile linalokuuma zaidi, kwa sababu nimeliona likiwafanya watu waaminifu wajibu kwa hasira au kwa pupa, na yote mawili huwagharimu. Hujakosa kitu, na wakili wako hakutuhumu. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi za mawakili nikisoma mafaili ya mauziano ya nyumba, na barua kama uliyoipokea ilitumwa kwa mwalimu mstaafu na kwa mfanyabiashara mkubwa kwa maneno yale yale. Anayeiandika ametimiza wajibu ambao asipoutimiza anaweza kutozwa faini, kupoteza leseni, au hata kushtakiwa yeye mwenyewe.

Wajibu huo una historia fupi inayofaa kujulikana. Mwaka 1989 mataifa saba yenye uchumi mkubwa, yakikutana Paris, yaliunda chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha haramu, kinachojulikana kwa kifupi kama FATF, nacho mwaka uliofuata kikatoa mapendekezo 40 ambayo nchi nyingi zimeyaingiza katika sheria zao. Mwanzoni mzigo wa kumchunguza mteja uliwaangukia hasa mabenki. Ni marekebisho ya mwaka 2003 yaliyoupanua hadi kwa mawakili, wahasibu na mawakala wa nyumba wanaposhughulikia ununuzi na uuzaji wa majengo. Nyumba huvutia fedha chafu kwa sababu humeza kiasi kikubwa kwa mara moja, haipotezi thamani kirahisi, na siku ikiuzwa tena fedha zinazotoka huwa na jibu lililonyooka: niliuza nyumba. Mnunuzi asiyechukua mkopo, kama wewe, mara nyingi huulizwa zaidi, kwa kuwa hakuna benki nyingine iliyomchunguza kabla ya wakili.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Wakili wako alikuuliza swali moja, nawe ukajibu jingine. Akaunti ni mahali fedha zilipolala, si mahali zilipozaliwa. Ndiyo maana neno "akiba", ingawa ni la kweli kabisa, halimtoshelezi: akiba ni kile ulichokifanya kwa fedha baada ya kuzipata. Wenye kazi hii hutofautisha mambo mawili, yaani chanzo cha fedha hizi mahususi zitakazolipa nyumba, na chanzo cha mali yako kwa jumla, ambacho ni maelezo ya namna mtu mwenye maisha kama yako alivyoweza kufikia kiasi hicho. Kwa mtu aliyeuza gari mwezi uliopita, jambo la kwanza hujibiwa kwa karatasi moja. Kwa mtu aliyeweka kidogo kidogo kwa miaka 28, mambo hayo mawili huungana, na jibu lake ni maisha ya kazi yaliyopangwa kwa tarehe.

Usidhani kwamba unatakiwa kuleta stakabadhi ya kila amana tangu mwaka 1996. Hakuna wakili mwenye busara anayetarajia hilo, na anayelidai anahitaji kukumbushwa kwa upole kwamba viwango vyenyewe vinataka uchunguzi ulingane na kiwango cha hatari. Kinachotakiwa ni maelezo yanayoaminika, yenye ushahidi katika viungo vyake: pale fedha zilipoingia mikononi mwako, pale zilipohama kutoka akaunti moja hadi nyingine, na pale kiasi kikubwa kilipoongezeka kwa ghafla. Katika barua yako nimehesabu viungo vichache tu vya aina hiyo, na vingi vyake vina ushahidi ambao hujaufikiria.

Anza na leo na urudi nyuma, usianze na bahasha ya mwaka 1996. Miaka saba inayoonekana kwenye tovuti si mwisho wa kumbukumbu za benki. Ni mwisho wa kile ambacho mfumo wa wateja umewekewa kuonyesha. Akaunti yako ya amana ilifunguliwa mwaka 2013 na bado iko hai. Viwango vya kimataifa vinaitaka benki itunze kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka mitano baada ya muamala, na nyaraka za kumtambua mteja kwa angalau miaka mitano baada ya uhusiano kumalizika. Uhusiano wako na benki hiyo haujamalizika, kwa hiyo faili la kufungulia akaunti linapaswa kuwapo. Faili hilo linaweza kuwa na thamani kuliko taarifa zote za miezi sita utakazowahi kuchapisha, kwa sababu ulipofika na kiasi kikubwa siku ile, afisa aliyekuhudumia alipaswa kukuuliza kimetoka wapi na kuliandika jibu lako. Omba kwa maandishi nakala ya fomu ya kufungulia akaunti, taarifa ya mwaka wa kwanza, na taarifa ya kila mwisho wa mwaka tangu hapo. Katika nchi zenye sheria ya kulinda taarifa binafsi una haki ya kuomba taarifa zinazokuhusu, na barua inayoitaja haki hiyo hushughulikiwa haraka zaidi kuliko ombi la mdomo dirishani. Benki ikidai ada ya kutafuta kwenye ghala, lipa. Ni gharama ndogo mbele ya nyumba.

Ukishapata salio la mwaka 2013, umevuka sehemu kubwa ya mto. Salio la zamani lina nguvu ya pekee: fedha ambazo zimekaa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka kumi, zikiongezeka kwa mafungu yanayofanana kila mwezi, hazifanani hata kidogo na fedha zinazokimbia. Kutotumia kwako, unakokuona kama kosa, hapo ndipo kunapokutetea.

Benki ya zamani iliyounganishwa haikuondoka na historia yako. Benki inapomezwa na nyingine, madeni, amana na kumbukumbu zake huhamia kwa mrithi wake. Waandikie makao makuu, si tawi, ukitaja jina la benki ya awali, jina ulilokuwa ukilitumia wakati huo, tarehe yako ya kuzaliwa, anwani ya zamani, na namba ya akaunti ikiwa unaikumbuka. (Kama jina lako lilibadilika kwa ndoa au kwa sababu nyingine, weka nakala ya hati inayoonyesha hivyo, nimeona mafaili yakikwama wiki nyingi kwa sababu tu karatasi mbili zilikuwa na majina mawili ya mtu mmoja.) Omba barua inayothibitisha tarehe ya kufunguliwa na kufungwa kwa akaunti, na salio lililohamishwa. Wakijibu kwamba kumbukumbu zimekwisha kuharibiwa kwa mujibu wa utaratibu wao, omba waliseme hilo kwa maandishi. Wengi huitupa barua hiyo wakidhani haina faida. Kwa wakili ina faida kubwa: inaonyesha kwamba ulitafuta, na kwamba pengo limetokana na umri wa nyaraka, wala si na kitu unachokificha.

Kwa miaka ya bahasha, acha kutafuta ushahidi wa kuweka na utafute ushahidi wa kupata. Mfuko wa pensheni huwa na orodha ya michango yako mwaka kwa mwaka, pamoja na jina la mwajiri, na kutokana na michango hiyo mshahara wako unaweza kukadiriwa. Mamlaka ya kodi inaweza kuwa na kumbukumbu za makato. Mwajiri anaweza kuandika barua inayotaja tarehe uliyoanza kazi, vyeo ulivyopitia na ngazi za mshahara. Chombo kinachosajili wauguzi kinaweza kuthibitisha kwamba umekuwa na leseni muda wote huo.

Kisha umwekee wakili hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayomwezesha kusema ndiyo. Mtu anayeweka sehemu moja ya sita ya mshahara kwa miaka 28 huwa ameweka zaidi kidogo ya mishahara ya miaka minne na nusu, kabla ya riba. Na riba yenyewe usiisahau, maana wengi hushangaa kuona salio limezidi walichokiweka na hawajui waeleze nini: fedha zinazokaa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, riba ikijumlishwa kila mwaka, huwa maradufu na zaidi kidogo baada ya miaka 18. Hati za riba za kila mwaka, au taarifa ya kodi iliyokatwa kwenye riba hiyo, zitaonyesha sehemu ya akiba yako ambayo haikutoka katika mshahara wala urithi, bali ilizaliwa na muda. Hesabu hiyo ikikaribiana na salio lako, msomaji wa faili ataona kwamba hakuna fungu lililobaki bila mwenyewe.

Urithi wa mama yako ndio rahisi kuliko yote, ingawa najua si rahisi moyoni kuyafungua tena makaratasi yake. Mahakama hutunza mafaili ya mirathi kwa muda mrefu kuliko benki inavyotunza miamala. Tafuta hati ya usimamizi wa mirathi, hesabu ya mgawanyo iliyotiwa saini, na mkataba wa mauzo ya nyumba. Ndugu zako wawili walipokea sehemu kama yako siku hizo hizo. Mmoja wao akiwa na nakala, umeokoa safari ya mahakamani.

Kuhusu chama cha akiba na mikopo kilichovunjwa, barua ya malipo ya mwisho inatosha ikiwa unayo. Kama huna, msajili wa vyama vya ushirika huwa na kumbukumbu za kuvunjwa kwake, na wenzako mliolipwa pamoja wanaweza kuwa wameitunza barua kama hiyo.

Sasa tuje kwenye fedha za kuhudumia wazee. Hapa nitasema wazi, maana ndipo unapoweza kujiharibia. Mwambie wakili wako. Mwambie yeye kwanza, kabla hajayaona mafungu yale matatu mwenyewe kwenye taarifa za zamani na kuanza kujiuliza kwa nini hukuyataja. Kazi halali iliyolipwa taslimu si aibu, na mafungu matatu ya zamani yaliyoingizwa benki katika miaka ile ile unayosema ulifanya kazi hiyo yanaendana na maelezo yako. Tafuta kile kidogo kilichopo: kalenda au daftari ulimoandika zamu, ujumbe wa familia ulizozihudumia, barua fupi kutoka kwa mmoja wa watoto wa wazee hao. Pasipopatikana chochote, hati ya kiapo inaweza kuongezwa, ingawa usiitegemee sana. Kiapo huunga mkono maelezo, hakichukui nafasi ya ushahidi.

Hukusema kama mapato hayo yaliwahi kutajwa kwa mamlaka ya kodi. Ikiwa hayakutajwa, muone mshauri wa kodi kabla ya kuandika maelezo yako, kwa sababu mamlaka nyingi humchukulia kwa upole zaidi anayejitokeza mwenyewe kuliko anayegunduliwa. Ujue pia kwamba katika nchi nyingi wakili anayepata shaka ya msingi analazimika kutoa taarifa kwa chombo husika, na sheria humkataza kukuambia kwamba ameitoa. Sikuambii hili kukutisha. Nakuambia kwa sababu nimewahi kuona mteja akitoa maelezo nusu kwa wakili aliyekuwa tayari kabisa kumsaidia. Na kama sehemu hiyo itabaki bila uthibitisho, muulize wakili, naye akijua kila kitu, ikiwa malipo ya nyumba yanaweza kufanywa bila fungu hilo, ama kwa mkopo mdogo au kwa kuomba muda wa kukamilisha. Sehemu moja ya kumi na tano haistahili kuzamisha zile kumi na nne.

Ushauri wa mpwa wako ukatae, hata kama umetoka katika upendo. Barua ya zawadi haimalizi maswali, huyazidisha. Wakili akiona fedha zimetoka kwa kaka yako ataomba kitambulisho cha kaka, taarifa za akaunti yake, na chanzo cha fedha zake, na katika taarifa hizo ataziona zikiingia kutoka kwako wiki chache kabla. Fedha zinazozunguka na kurudi kwa mwenyewe kwa jina jingine ni miongoni mwa dalili ambazo maafisa hawa hufundishwa kuzitambua mwanzoni kabisa, na barua inayosema ni zawadi, hali si zawadi, ni tamko la uongo lenye saini ya kaka yako. Ungekuwa umechukua fedha safi na kuzivika sura ya fedha chafu. Kwa sababu hiyo hiyo, tangu leo mpaka siku ya kulipa, usihamishe chochote, usigawanye amana katika akaunti mbalimbali, na usiingize taslimu uliyonayo nyumbani. Akiba iliyotulia ni rahisi kuielewa.

Vyote hivi vikikusanyika, viandikie maelezo ya ukurasa mmoja au miwili, yenye tarehe, na kila aya itaje kiambatisho chake. Yaandike kwa maneno yako, yasiwe ya kisheria. Mwanzo wake unaweza kuwa hivi, ukiweka tarakimu zako mwenyewe:

"Fedha nitakazotumia kununua nyumba ziko katika akaunti yangu ya amana iliyofunguliwa mwaka 2013. Zimetokana na mshahara wangu wa uuguzi tangu mwaka 1996, ambao nimeuthibitisha kwa orodha ya michango ya pensheni na barua ya mwajiri, na urithi nilioupata mwaka 2009 baada ya kifo cha mama yangu, kama hesabu ya mirathi inavyoonyesha, na malipo ya hisa zangu katika chama cha wafanyakazi mwaka 2012, na kazi ya ziada ya kuhudumia wazee, iliyolipwa taslimu, na riba. Sina taarifa za akaunti za kabla ya mwaka 2008 kwa sababu benki ya wakati huo iliunganishwa na nyingine, na barua ya benki iliyoirithi imeambatanishwa. Fedha za kazi ya ziada niliziweka benki mara tatu katika tarehe zilizotajwa hapa chini, na sina stakabadhi za malipo hayo."

Zingatia sentensi mbili za mwisho. Pengo ulilolitaja mwenyewe, ukaeleza sababu yake, humtuliza msomaji kuliko maelezo yasiyo na doa, kwa kuwa anajua vyema kwamba miaka 28 haiwezi kukosa mapengo. Usijaze pengo kwa kukisia tarehe. Andika "karibu na katikati ya mwaka 2010" kama hivyo ndivyo unavyokumbuka, na usimruhusu mtu yeyote akutengenezee hati ya mshahara ya zamani, hata kama mshahara ulioandikwa humo ni wa kweli. Hati moja ya kughushi itaharibu zote za halali.

Kabla ya kukimbia huku na huko, mpigie wakili simu na umuulize maswali mawili: anataka kurudi nyuma hadi mwaka gani, na atakubali nini badala ya taarifa za benki zisizopatikana. Ofisi hutofautiana sana katika hili, na nimewahi kumwona mtu akitumia miezi miwili kutafuta karatasi ambayo hakuna aliyeihitaji. Akikataa maelezo yako baada ya yote haya, muombe aandike ni kiungo kipi hasa kinachomkosesha amani, ili ukijibu hicho peke yake. Unaweza pia kubadilisha wakili, lakini usimfiche wa pili kwamba wa kwanza alikuwapo, na utarajie kuulizwa upya.

Muuzaji hana haki ya kujua chanzo cha fedha zako, wala usimpe nyaraka hizo. Anachostahili kujua ni kwamba ukaguzi wa kawaida unachukua muda, na ni vyema wakili wako amwandikie wakili wake sasa, akitaja tarehe ya kukadiria, kuliko muuzaji kukaa kimya wiki tatu akidhani umeghairi. Kama hujatia saini mkataba, usitie saini inayokufunga kulipa kwa tarehe fulani mpaka wakili athibitishe kwamba ameridhika, kwa sababu kuchelewa kwa ukaguzi hakutakuokoa na adhabu ya kuchelewa kulipa.

Wiki hii tuma barua mbili za benki. Ile inayokwenda kwa benki iliyoirithi ile ya zamani itangulie, kwa njia inayokupa uthibitisho wa kupokelewa, kwa sababu ndiyo itakayochukua muda mrefu kuliko zote.

Mshauri wako